Kamba za Kitanda cha Arobaini

Jumapili, 1 Agosti 1971

Daftari hili ni la mwanangu Mwanakheir, la alipokuwa skuli. Nimelikuta chini ya kasha. Kaandika nusu tu, nyuma kote kweupe. Nimeligeuza juu chini, mwisho wake ndio mwanzo wangu. Kutupa karatasi nyeupe mie siwezi. Tangu nijifunze kuandika kwenye kisomo cha akina mama, naandika nyuma ya paketi za majani ya chai tu, tena nazichana mume wangu Gharib asione. Siyo kwamba atakasirika. Atacheka.

Mwanakheir anakuja keshokutwa kutoka Makunduchi. Mumewe Jaku kapelekwa Pemba kikazi, na hata angekuwepo, kuzaa mtu huja kwa mama yake. Mwezi wa nane wa mimba unakwisha. Ile mimba ya kwanza ilitoka ya miezi sita, mwaka juzi. Hiyo siiandiki.

Vya kutafuta: nguo za mtoto. Mto. Taa ya chumbani. Na kitanda. Fremu ya kitanda cha marehemu mama ipo uani, mti mzima kabisa, kamba ndizo zilizooza. Kitanda cha springi tunacho, lakini mzazi siku arobaini huwekewa makaa chini, moto upite kwenye kamba umkande mgongo. Juu ya springi si ataungua? Dukani kamba hakuna. Wiki iliyopita ilikuja ya nailoni, nikafika foleni ikiwa imeshageuka watu wanarudi. Na nailoni juu ya makaa!

Lakini nna makumbi yangu. Niliyafukia pwani kwetu Bwejuu mwezi wa pili, yaoze nisokote kamba, makumbi ya kila nazi iliyokunwa nyumba hii mwaka mzima. Gharib alikuwa akisema nafuga nge. Sasa atajua.

Jumanne, 3 Agosti

Kaja. Kashuka garini anashika kiuno kama bibi kizee. Uso umemvimba kidogo. Nimemtazama miguu kabla hata hajasema shikamoo. Akaniambia, mama, hata marahaba hunipi, unanikagua kama mbuzi wa Idi.

Mchana tumetoa kanga kuukuu zote. Mtoto wa siku ya kwanza hatiwi nguo mpya, anataka ile iliyofuliwa mpaka imekuwa laini kama ngozi ya mtu. Nimechana vipande ishirini na mbili. Moja imebaki mkononi, ya zambarau, pindo limeliwa. Nikamwambia hii ndiyo niliyokupokelea wewe. Akaichukua akaiweka usoni. Akasema inanuka karafuu. Haiwezi kunuka karafuu, miaka ishirini na moja. Lakini sikumkatalia.

Taa nimemfanyia ya kopo la maziwa, utambi wa shati la babake.

Alhamisi, 5 Agosti

Gunia la unga wa ngano limekuwa mto. Nimelichemsha mara mbili kwa maji ya majivu, maandishi hayatoki. Usufi nimeokota chini ya msufi wa Mnazi Mmoja, mimi na wanawake wengine watatu, kila mmoja anajifanya anapita tu. Mto umekaa vizuri. Upande wa juu umeandikwa uzito. Mwanakheir anasema mtoto atalala akijua kilo zake.

Keshokutwa bamvua, maji yatakupwa mbali. Ntakwenda Bwejuu kufukua.

Jumapili, 8 Agosti

Mikono inanuka, daftari litanuka pia.

Nimelala kwa shangazi Sichana. Macho yake yameingia ukungu, hanioni mpaka niseme. Jana maji yalipokupwa tukashuka pwani, namshika mkono. Mawe ya mashimo ya watu yote yanafanana, na kusi la mwaka huu limekula mchanga, pahala palipokuwa na mwamba hapana, pasipokuwa nao papo. Lakini mie niliweka alama. Karai langu la bati, la maua ya buluu, lililotoboka kitako. Nililifunika juu ya shimo na kulipigia mawe.

Nikaliona kwa mbali. Limekaa pale pale juu ya mawe.

Shangazi akauliza, karai lipo? Nikasema lipo. Akasema, mbona tumetembea sana, shimo lako si lilikuwa karibu na mwamba? Nikamwambia bahari imehamisha mwamba. Akacheka. Basi chimbua, mwanangu, kabla maji hayajarudi.

Yametoka makumbi! Meusi, yameiva, ukiyaminya yanaachia yenyewe. Mwezi wa pili nilipeleka magunia mawili. Nimerudi na matatu na nusu. Baraka.

Utingo Msabah kayapandisha juu ya gari huku kaziba pua. Abiria wote walikuwa wakigeuka. Mie nimetazama mbele. Karai nimerudi nalo, siwezi kuliacha.

Jumatano, 11 Agosti

Siku tatu napiga makumbi uani kwa mti. Majirani wamefunga madirisha ya upande huu. Bi Duni mkunga kapita akasema, Biasha, ukimaliza kuua hicho unachokiua njoo kwangu unywe chai.

Usumba, nyuzi zenyewe, umetoka mwekundu, unang'aa. Mwanakheir kakaa kizingitini anasokota na mie, mguu wake umenyooka mbele, anatembeza kiganja juu ya paja kama alivyokuwa akifanya mama. Sikumfundisha mie. Labda alikuwa akitazama.

Ananiambia, mama, mbona hukuninunulia tu kitanda. Nikamwambia nakununulia kwa mikono. Baadaye akasema, huyu anapiga teke kila nikisokota, labda anataka kusaidia.

Jumatatu, 16 Agosti

Gharib kakiwamba kitanda. Kashinda kutwa, kafungulia na redio, anavuta kamba anasikiliza habari, anavuta anasikiliza. Kamba zimetosha na pima tatu zimebaki. Katikati kumelegea kidogo. Nimemwambia. Akasema mtoto akizaliwa akalie hapo ndipo patakapokaza.

Karai la maua ya buluu nimelijaza mchanga, ndilo litakalokaa chini ya kitanda na makaa ya vifuu. Tundu lake halina kazi tena.

Mwanakheir kalala jioni hii kujaribu. Kafumba macho. Mkono mmoja juu ya tumbo, mwingine unapapasa kamba pembeni, kidole kinaingia na kutoka kwenye matundu. Nikasimama mlangoni. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, mpaka kikapoa.

Alhamisi, 19 Agosti

Bi Duni kamshika tumbo. Mtoto kageuka, kichwa chini. Anasema wiki moja, mbili. Miguu bado imevimba. Nimemkataza chumvi.

Jumamosi, 21 Agosti

Sijui niandikeje.

Msabah kaniletea mihogo kutoka kwa shangazi. Nikampa maji. Kakaa kizingitini, Mwanakheir alikuwa ndani dirishani. Akasema, Bi Biasha, kwenu kumechafuka. Nikauliza kuna nini. Akacheka. Dunia imekwisha, watu wanaiba maganda ya nazi! Bi Mwanapili, yule mjane wa kule mwisho, kaenda shimoni kwake kutoa makumbi ya kamba za kuezekea, kakuta shimo tupu. Tena kaibiwa mpaka kifuniko.

Nikamuuliza kifuniko gani. Akasema, ndoo sijui, karai sijui.

Nikasema labda ni bahari. Akasema bahari haichimbui ikarudishia mawe. Bi Mwanapili katangaza msikitini. Aliyechukua arudishe, la sivyo Alhamisi ijayo magharibi anasomesha halbadiri. Na mwenyewe kasema, aliyechukua avimbe tumbo mpaka aseme.

Msabah kamaliza maji yake. Akasema ahsante, maji ya mjini matamu.

Tumbo.

Jumapili, 22 Agosti

Nimepika wali haukuiva. Mara ya kwanza tangu niolewe.

Nimesoma niliyoandika tarehe nane. Nimeandika "baraka". Naliona hilo neno na mwandiko wangu.

Ngoja niseme kweli, hapa hakuna mtu. Nilipofukua gunia la pili likajaa na makumbi bado yapo chini, nilijua. Siyo kujua kwa kusema. Mkono ulijua. Ulisita. Shangazi kaniuliza habari ya mwamba nikamjibu upesi. Mie naokota hata kipande cha uzi, mie nahesabu mpaka vifuniko vya chupa, leo nisijue nilifukia magunia mawili? Nilitaka yatoshe. Niliona kitanda. Nikasema Mungu kazidisha, nikafunga gunia.

Lakini karai ni langu. Hilo silielewi. Lilifikaje kwake?

Mwanakheir yuko juu ya kamba hizo sasa hivi. Analala.

Jumatatu, 23 Agosti

Asubuhi nimemwambia alale chini na mie, mkekani. Akauliza kwa nini. Nikasema kunguni. Akanitazama. Kitanda cha wiki moja kina kunguni, mama? Nikasema wametoka kwenye mti. Akalala chini. Kila akigeuka anaguna, na mie naguna naye.

Adhuhuri nimemwambia Gharib. Yote, na ile ya mkono kusita. Akazima redio. Gharib hazimi redio hata akiwa na homa.

Akasema, nenda.

Nikamwambia Bi Duni kasema siku yoyote. Gari likiniacha huko nikakosa kurudi? Nimwachie nani?

Akasema, basi mtume Msabah. Nikamwambia Msabah nikimpa maneno yatafika Bwejuu yakiwa na mikono na miguu, yatateremka kila kituo. Gharib akachukua kamba iliyobaki akawa anaizungusha kidoleni. Akasema, si unajua kuandika?

Sikujua kuwa anajua.

Akasema, Bi Biasha, karatasi za chai za nyumba hii zote zina maneno, unadhani mie nafungua chai nimefumba macho?

Jumanne, 24 Agosti

Nimeandika barua. Nimetoa karatasi ya katikati ya daftari hili, ndiyo maana linachezacheza. Nimeiandika mara tatu. Ya kwanza nilijitetea mno. Ya pili nimelia ikalowa. Ya tatu fupi: Mie Biasha, mtoto wa marehemu Mjaka, ndiye niliyechukua makumbi yako. Nilichimbua chini ya karai langu la maua ya buluu nikidhani ni shimo langu. Lakini niliona yamezidi sikuuliza. Hilo ndilo kosa. Kamba zake nimezitumia kuwamba kitanda cha mwanangu, yuko karibu kuzaa. Kama uovu upo uwe juu yangu, yeye hajui. Nakuomba radhi. Shimo langu lipo karibu na mwamba, chukua yote yaliyomo. Yalikuwa magunia mawili.

Bi Mwanapili hajui kusoma. Barua za watu wa pale husoma mwalimu Kificho. Na huyo huyo ndiye atakayesoma halbadiri. Nimelijua hilo wakati naikunja. Nimeikunja.

Nimempa Msabah. Akaipapasa, akasema nyepesi. Nikamwambia we ipeleke tu.

Jumatano, 25 Agosti

Gari limerudi. Msabah anasema kampa mkononi. Nikauliza kasema nini. Akasema, kaitia kwenye pindo la kanga, akaendelea kuosha samaki.

Hakuna zaidi.

Jioni nimemkuta Mwanakheir kajirudisha kitandani. Nikamwambia teremka. Akasema, hapana. Nikamwambia kunguni. Akasema, mama, siku ya Msabah mie nilikuwa dirishani.

Nikakaa chini pale pale.

Akasema, uliiba kwa ajili yangu? Nikamwambia sikuiba, sikuuliza tu. Akafikiri. Akasema, mgongo wangu hauwezi sakafu, na mie siamini mtoto wangu atavimbishwa kwa maganda ya nazi. Halafu akauliza, unaamini wewe?

Nikamwambia, mie naamini kila kitu, mwanangu, ndiyo kazi yangu.

Akanipa mkono. Nikaushika kupitia kwenye kamba, mie chini yeye juu, mpaka miguu yangu ikafa ganzi.

Alhamisi, 26 Agosti

Asubuhi. Kiuno kimemshika tangu alfajiri. Kinakuja kinaondoka. Nimemwita Bi Duni. Kasema ndiyo, lakini bado sana, mtembezeni. Leo ndiyo Alhamisi yenyewe. Simwambii mtu.

Adhuhuri. Kinakuja karibu karibu. Anazunguka chumba anashika ukuta. Gharib kakaa nje barazani. Redio kaikumbatia, haijafunguliwa.

Baada ya alasiri. Naandika jikoni, maji yanachemka, naongeza vifuu. Nisipoandika ntapiga kelele.

Gari la shamba limefika. Nimesikia Gharib anaitikia, naam, naam, karibu. Nikajua ni Msabah kaleta jibu. Nikatoka na upawa mkononi.

Bi Mwanapili. Mwenyewe. Mwembamba, kajitanda kanga mbili, miguuni makubadhi ya tairi. Kwapani bunda la kamba. Nikamwamkia shikamoo. Akasema marahaba. Akapita. Akaenda moja kwa moja kunakosikika mguno.

Mwanakheir alikuwa kaegemea ukuta. Bi Mwanapili kamtazama tumbo, kamtazama uso, akamwambia, pumua kwa pua, mtoto, bado safari. Halafu akainama akatazama chini ya kitanda. Akalivuta karai.

Akakaa nalo kitambo. Akapitisha kidole kwenye maua.

Akasema, kumbe lako. Mie nililiokota mwezi wa nne, maji yamelitupa kichwa chini juu ya mchanga. Zima kabisa, limetoboka kitako tu. Nikasema kitu kama hiki hakipotei, nikaenda kulifunikia shimo langu.

Bi Duni ndiye aliyeanza kucheka, kwa pua, kisha akajizuia.

Nikapiga magoti. Nikamwambia, Bi Mwanapili, nilijua yamezidi. Nakuomba radhi, nakuomba kabla hajazaa. Akasema, nimesikia, barua umeandika, nimesomewa mara mbili. Akanyoosha mkono akabonyeza katikati ya kitanda, pale palipolegea. Akabonyeza tena. Nani kawamba hiki? Gharib akajibu kutoka nje, mie. Bi Mwanapili akasema, umekiwamba au umefunga mbuzi? Mzazi alale shimoni siku arobaini?

Mwanakheir kacheka. Kajiwa na uchungu katikati ya kicheko, kakamata bega la Bi Mwanapili, si langu, na Bi Mwanapili kasimama kama nguzo mpaka ukapita.

Kisha kaanza kufungua kamba kuanzia miguuni. Vidole vyake vinakwenda upesi. Bunda alilokuja nalo analiunganisha pale zilipoisha zetu. Za kwake nyeusi kidogo. Sikuthubutu kumuuliza paa lake litafungwa na nini. Sikuthubutu kuuliza la magharibi.

Alipofika nusu kasimama, kafungua fundo la kanga yake. Nikaiona barua yangu imekunjwa. Kaiacha humo. Kilichotoka ni kijaluba. Akanipa. Akasema, ubani wa kisomo cha leo huo, mwalimu Kificho aliniagizia, mzuri, usiupoteze. Tia kwenye makaa, uwe chini yake.

Nimeutia. Uko kwenye karai sasa. Harufu imefika huku jikoni.

Bado hajasema nimekusamehe. Nasubiri hilo neno. Juu ya mapaa ya majirani jua limekuwa la manjano, adhana bado. Mwanakheir kaita mama, mara mbili, ya pili si sauti yake ya siku zote. Bi Duni anataka maji.

Bi Mwanapili naye anaita. Biasha, acha hilo daftari, njoo unishikie mwisho huu wa kamba, na uvute kwa nguvu, nikikwambia sasa